Aya ya Sita

Jumanne usiku, kisiwani Chiloe, kusini mwa Chile,
mvua inapiga mabati kama mtu anayedai deni.
Darasa la watu wazima: meza za watoto,
magoti yetu yanagota chini yake.
Mikono yangu inanuka samoni.
Nimeisugua kwa limau, nimeisugua kwa majivu,
harufu haibanduki.

Kitabu kinaeleza viazi vya kisiwa chetu:
kuna vya zambarau, kuna vilivyopinda kama kidole gumba,
mwani ndio mbolea yao,
vipo hadi leo kwa sababu wanawake walitunza mbegu,
vikichemshwa na ganda haviharibiki rangi.
"Pigieni mstari wazo kuu," akasema mwalimu Rigoberto.
Nikapigia mstari ukurasa mzima.

Hakucheka. Ana miaka ishirini na sita,
na soksi zisizofanana.
"Mama Edelmira, yote haya ni wazo kuu?"
Mwalimu, nikamwambia, viazi hivyo nimevilima.
Hapo hakuna pumba.

Akavuta pazia. Ng'ambo ya ghuba
nyumba zetu zimesimama majini juu ya miti,
taa zikitetemeka chini yake.
"Nyumba ni wazo. Nguzo ni maelezo.
Kila sentensi iulize: wewe umembeba nani?
Ukikuta moja isiyobeba nyingine,
bali inabebwa na zote,
umefika mlangoni. Bisha hodi."

Nikafuta. Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka
pale penye mwani.
Wakabaki wanawake na mbegu zao.

Ijumaa, ilani ikabandikwa kiwandani, karibu na ndoano za aproni.
Aya nane na nembo ya rangi.
Aya ya kwanza inatushukuru: sisi ni familia.
Ya pili inataja mwaka wa kuanzishwa, na tani.
Ya tatu, joto la bahari.
Ya nne, oksijeni, asilimia, nukta, asilimia.
Ya tano, mashine mpya isiyochoka.
Nolfa alisoma ya kwanza akapiga makofi.
"Bonasi hiyo! Wametukumbuka!"
Na wengine wakapiga makofi, kwa kuwa Nolfa alipiga.

Nikachomoa penseli nyekundu kwenye kofia ya nailoni.
Hii ni nguzo. Hii nayo nguzo.
Zote hizi, nene hivi, zimebeba nini?

Aya ya sita, kati ya mkato na mkato,
imejikunyata kama panya ndani ya gunia:
*ambapo Sehemu B haitafunguliwa tena msimu ujao,*
kisha sentensi ikaendelea na safari yake
kuzungumzia maegesho ya magari.

Nikaisoma kwa sauti. Mara moja tu.
Ikasikika mashine ya barafu ikimeza maji.
Sehemu B ni sisi.
Themanini na wanne.

Jumanne nikampelekea mwalimu ile ilani,
nimeibandua, na kona moja imebaki ukutani.
Aliisoma mara mbili, akasugua paji la uso.
"Kwa kanuni za darasani," akasema polepole,
"wazo kuu ni kwamba kampuni inajipanga upya.
Hiki ulichopigia mstari... ni maelezo."

Kwa aliyeandika, nikasema.

Akafungua mdomo, akaufunga.
Kisha akanisogezea kifutio chake,
halafu akakirudisha mfukoni.

Nimegeuza karatasi. Upande wa pili ni mweupe.
Nolfa Karkamo, miaka kumi na tisa kwenye meza ya kuparia magamba,
kidole cha kati hana.
Erika Millalonko, mapacha, deni la jiko.
Sonia, anayeimba akidhani hatumsikii.
Mimi.
Sentensi ya kukaa juu yao bado sijaipata.
Naanza na nguzo.